Kiharusi: saa kwanza, shingo baadaye

Nitajuaje kuwa ni kiharusi, si uchovu wa jua la shambani?

Kiharusi hakipigi hodi. Mtu anaokota korosho vizuri, mara kikapu kinamponyoka. Mwambie aonyeshe meno, uone kama upande mmoja wa mdomo umebaki nyuma. Kisha afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, nawe uhesabu hadi kumi. Mkono dhaifu hushuka taratibu, na mara nyingi kiganja hujigeuza kabla mkono haujashuka, jambo ambalo wengi hawalioni. Mwisho arudie sentensi fupi, kwa mfano "korosho zimeanikwa uani tangu jana". Akikoroga maneno, au akikukodolea macho kama aliyesemeshwa lugha ngeni, ndiyo hiyo.

Dalili moja inatosha kutafuta usafiri. Hesabu pia jicho moja kuingia giza ghafla, kuyumba kama mlevi, na kichwa kupasuka kwa maumivu asiyowahi kuyapata.

Kwa nini hospitali wanang'ang'ania kuuliza saa?

Kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ni urefu wa muda huo, si saa nne na nusu ya ukutani. Ukipita, hatari ya damu kuvujia kichwani huishinda faida. Aliyeamka amepooza huhesabiwa tangu alipolala akiwa mzima. Kwa hiyo andika kwenye karatasi: "Mara ya mwisho kuonekana mzima, saa 2 usiku." Neno "usiku" lisikosekane, maana muuguzi ataandika 20:00, na akikosea akaandika 8:00 hesabu yote imeharibika.

Kutoka Newala au Liwale saa hizo huishia barabarani. Anayebaki nyumbani apige simu Ligula (hospitali ya mkoa wa Mtwara), Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo, Sokoine ya Lindi au Ndanda, kutegemea mko wapi, na aulize swali moja: CT skani (mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa) ipo na inafanya kazi leo? Mgonjwa asiyejitambua apitishwe kwanza kituo cha karibu. Muda wa dawa ukishapita bado alazwe, maana wengi huuawa na yanayofuata, kama nimonia.

Tukiwa tunasubiri gari tumfanyie nini?

Mlazeni ubavu. Asipewe chai, uji wala maji, kwa kuwa koo limelegea na kitu kitaingia mapafuni. Aspirini pia hapana: kabla ya CT skani hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Vidonge vya presha vya jirani ni hatari vilevile. Mshipa ukiwa umeziba, sehemu ya ubongo inayokufa njaa hutegemea presha hiyohiyo kusukumiwa damu. Ukiishusha ghafla unaimaliza.

Kama kuna kipimo cha sukari, pimeni, kwani sukari iliyoshuka huiga kiharusi vizuri mno. Chini ya milimoli 4 kwa lita, zahanati yoyote yenye glukosi ya kuchoma mshipani inaweza kuanza kazi. Kuchanjwa kwa fundi (mganga), na kukandwa kwa maji moto, ni kupoteza muda tu.

Dalili zimeisha baada ya nusu saa. Turudi shambani?

Mshukuruni Mungu, kisha mpelekeni leo hii. Hilo ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku 2 zinazofuata. Huyu ndiye altrasaundi ya shingo inamfaa kuliko wote.

Hiyo altrasaundi inaonyesha nini?

Haisemi kama mtu ana kiharusi. Watu huilipia wakidhani imechukua nafasi ya CT skani, kumbe hujibu swali lingine: je, bonge limetokea shingoni?

Hufungi kula, wala huachi dawa. Vua mkufu, legeza mtandio. Utalala chali, khanga iliyokunjwa chini ya mabega, uso ukitazama upande usiopimwa. Jeli ni ya baridi. Mpimaji huanzia juu ya mtulinga akipanda hadi chini ya taya, akikawia pale mshipa unapogawanyika panda. Hapo damu huzungukazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na ndipo mafuta hupenda kujishika. Kisha huwasha Dopla, sehemu ya mashine inayosikiliza mwendo wa damu, utasikia "shwi, shwi", naye hupima kasi. Mshipa mwembamba hukimbiza damu, kama bomba la maji ulilolibana kwa kidole.

Kwenye ripoti nisome wapi?

Tafuta kasi ya juu kwenye mshipa wa ndani wa karotidi, yaani tawi la mshipa wa shingo linalopeleka damu kwenye ubongo. Chini ya sentimita 125 kwa sekunde, hakuna ubanaji mkubwa. Kati ya 125 na 230, umebana kama asilimia 50 hadi 69. Zaidi ya 230, asilimia 70 au zaidi. Na kama dalili zilishatokea upande wa pili wa mwili, au kwenye jicho la upande huohuo, daktari wa upasuaji amwone mapema, ikiwezekana ndani ya wiki 2. Ulioziba kabisa kwa kawaida hausafishwi. Mpimaji akiinamisha pembe ya Dopla kupita nyuzi 60, kasi hupotoka, kwa hiyo namba ya ajabu irudiwe kabla ya safari ya Dar. Na shingo ambayo mshipa wake una mafuta haikandwi.

Shingo ni safi. Basi kiharusi kilitoka wapi?

Mara nyingi presha, inayoharibu mishipa midogo ndani ya fuvu, ambako kipimo hiki hakifiki. Au moyo: mapigo yasiyo na mpangilio, valvu (mlango wa moyo) iliyoharibika. Pima ECG (umeme wa moyo) na, ikiwezekana, altrasaundi ya moyo.

Na mtoto mwenye selimundu?

Yeye hupimwa kwa Dopla mishipa ya ubongo, kwenye paji la pembeni, juu ya sikio, kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kasi ya wastani ikifika sentimita 200 kwa sekunde, huhitaji kuongezewa damu kwa ratiba au kuanza dawa ya haidroksiyurea. Wakati wa kipimo awe macho na ametulia. Kulia na kusinzia vyote hubadili kasi.