Mzoga mmoja, tumbusi wengi: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Tumbusi ni tumbusi, wote wanagombea nyama ileile.

Ukitazama mzoga wa nyumbu Serengeti unaona vurugu tu. Hans Kruuk, aliyewachunguza ndege hawa miaka ya 1960, aliona humo kazi tatu. Yule mkubwa mwenye kichwa chekundu, ambaye mabawa yakikunjuliwa hukaribia mita 2.8, ana mdomo mnene wa kuchana ngozi na kano. Tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell huzamisha shingo zao ndefu ndani ya mzoga wakavuta nyama laini na matumbo. Mdogo wao, mwenye mdomo mwembamba, hudonoa mabaki pembezoni.

Dhana: Basi kila mmoja ana fungu lake.

Hapa ndipo wengi hupitiliza. Mgongo-mweupe na Rüppell ni ndugu wa jenasi moja, Gyps, na wanakula kitu kilekile kwa namna ileile. Hakuna mgawanyo wa chakula hapo. Rüppell ana mwili mkubwa zaidi, kwa hiyo wakikabiliana ana kwa ana mara nyingi hushinda yeye. Mgongo-mweupe huja kwa wingi. Kinachowatenganisha hasa ni makazi ya kuzalia. Rüppell hutaga kwenye majabali, kama ya milima ya Gol mashariki mwa nyanda za Serengeti, ilhali mgongo-mweupe hujenga juu ya miti mikubwa, hasa kandokando ya mito. Jabali halihami. Nyumbu wakienda mbali, Rüppell mwenye kinda hulazimika kuwafuata hata zaidi ya kilomita 100, kisha arudi kulisha. Na kinda mwenyewe ni mmoja tu, maana hutaga yai moja.

Dhana: Wanaishi kwa makombo ya simba.

Si hasa. David Houston, aliyefanya utafiti wake hukohuko, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha Gyps ni wanyama waliojifia kwa njaa na maradhi katika makundi yanayohama. Simba na fisi hawaachi nyama nyingi, na wana wivu nayo.

Dhana: Wananusa mzoga kutoka mbali.

Wanatumia macho. Tena si kuangalia ardhi tu: kila mmoja huwachunga wenzake angani, wa spishi yake na wa nyingine. Mmoja akishuka, jirani anamwona, na jirani wa jirani pia, mpaka wanajaa. Mshindani ndiye mtoa habari.

Ndiyo maana sumu haichagui. Mwaka 2019 huko Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537 wa spishi tano, wachanaji, wavutaji na wadonoaji, pamoja na tai wawili.