Utofauti wa vinasaba: mikonge elfu moja inaweza kuwa mmea mmoja

Utofauti wa vinasaba ni kiasi cha tofauti za urithi zilizomo kati ya mimea ya aina moja. Haupimwi kwa wingi wa mimea. Mtu anaweza kujaza mlima mzima migomba, na kwa upande wa urithi akawa amepanda mgomba mmoja tu. Hapa Bukavu tukisikia habari za kulinda viumbe, mawazo yanakimbilia hifadhi ya Kahuzi-Biega na sokwe. Ni sawa, lakini jambo hili liko pia shambani kwa mama wa Kabare na wa Walungu, na huko linagusa chakula moja kwa moja.

Mfano unaolionyesha vizuri zaidi ni agavi, jamii ya mimea ambamo mkonge umo. Agavi zina spishi karibu 200, na nyingi ni za Meksiko. Nyingi huchanua mara moja maishani: mlingoti mrefu wa maua unapanda kutoka katikati, mbegu zinakomaa, mmea unakufa. Usiku popo wanakuja kunywa utomvu mtamu wa maua na kubeba chavua kutoka mmea hadi mmea. Hapo urithi unachanganyika, na kila mbegu inatoka na sura yake. Lakini nyingi zina pia njia nyingine ya kuzaa, yaani machipukizi yanayoota kando ya shina. Chipukizi halina baba. Ni mama yule yule tena, na wataalamu huliita kloni.

Wakulima wa agavi ya buluu, ile inayotoa pombe ya tequila, wanategemea machipukizi hayo. Sababu ni sukari. Mmea ukiachwa uchanue, sukari uliyoiweka kwa miaka inaishia kwenye mlingoti, kwa hiyo mlingoti unakatwa mapema. Ua halipo, mbegu haipo. Isitoshe, kanuni za Meksiko zinakubali agavi ya buluu peke yake kwa tequila, na aina nyingine zilizotumika zamani zikaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kuvu wa Fusarium na bakteria wa kuozesha walishambulia mashamba hayo, mimea mingi ikaoza na bei ikapanda vibaya. Ugonjwa unaoweza kuushinda mmea mmoja wa namna hiyo unaweza kuishinda yote, maana hakuna hata mmoja uliozaliwa na kinga ya peke yake.

Kinachonigusa ni kwamba katika jimbo la Jalisco, kitovu cha agavi ya buluu, upande wa kusini, wapo wakulima wadogo wa mezcal, pombe nyingine ya agavi, ambao bado wanapanda aina nyingi za kienyeji pamoja. Vinasaba vya agavi zao vilipochunguzwa, tofauti zake zilionekana kukaribia zile za agavi za porini. Hawa ndio watunzaji wa kweli, ingawa mashamba yao ni madogo.

Mkonge wa Afrika Mashariki una historia nyembamba zaidi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro yalianza na hiyo. Na mkonge ni mgumu sana kutoa mbegu, kwa hiyo uliongezwa kwa machipukizi na kwa vimche vinavyoota juu ya mlingoti.

Turudi kwetu. Beseni la maharagi sokoni Kadutu lina mekundu, meusi, ya njano na yenye madoa, na mama anayapanda yakiwa yamechanganyika hivyo hivyo. Mvua ikizidi au ugonjwa ukiingia, yapo yatakayosimama. Hapo utofauti unaonekana kwa macho. Kwa mgomba, macho yanadanganya. Migomba ya miinuko ya Afrika Mashariki ina majina mengi, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba inafanana mno, kana kwamba yote ilitoka kwa mzazi mmoja, ikaongezwa kwa machipukizi kizazi hata kizazi.

Ndiyo maana mnyauko wa bakteria uliiumiza sana Kivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wadudu waliupeleka kwenye ua la dume, panga likaubeba kutoka shina hadi shina, na familia zilizoishi kwa ndizi na kasiksi, yaani pombe ya ndizi, zikabaki mikono mitupu. Hakuna mgomba wa kulimwa unaojulikana kuwa na kinga kamili. Mgomba wa mwitu uitwao Musa balbisiana ndio unaouhimili. Hata hivyo, ipo migomba ambayo maganda ya ua lake la dume hayadondoki, hivyo mdudu hapati kidonda cha kupitishia ugonjwa. Tofauti ndogo kama hiyo inaokoa shina.

Kwa hiyo mtu akikushauri ung'oe kila mgomba wa kienyeji na kuweka aina moja yenye mkungu mkubwa, muulize kwanza ile ya zamani itabaki kwa nani. Huko Meksiko watafiti wa popo wamewaomba wakulima waache agavi 5 katika kila 100 zichanue, popo wapate chakula na mbegu zipatikane tena. Kwetu mgomba hauna njia hiyo, kwa kuwa mingi haitoi mbegu. Aina ya kienyeji inaendelea kuwepo pale tu mtu anapoendelea kuipanda, nyumbani kwake au katika mashamba ya watafiti kama yale ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kule Mulungu.