Lubugo hauui mti

Ukisimama mbele ya kazi za Sanaa Gateja, Mganda aliyezaliwa 1950 na ambaye kwa miongo mingi ameshona shanga za karatasi chakavu juu ya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti uitwao mutuba, hukosi kusikia mtu akinong'ona: "Miti mingapi imekufa hapa?"

Gome la mutuba likibanduliwa kwa ustadi, mti haufi. Fundi hukwangua tabaka la nje, hubandua la ndani msimu wa mvua, kisha hulifunga shina lililo uchi kwa majani ya mgomba, kama kidonda. Gome huota tena. Mti uleule huvunwa miaka na miaka.

Wekundu wa lubugo nao (wengi hudhani ni rangi ya dukani) hutokana na kuanikwa juani, baada ya kugongwagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji.