Kadi ya memori ikisema ina GB 256, simu inaamini

Ukichomeka kadi ya memori, ukubwa wake hujitokeza kwenye kioo cha simu papo hapo. Kabla ya hapo simu na kadi zimeshaulizana maswali kadhaa, na jibu moja kati ya hayo ndilo linalowatia watu hasara kila siku madukani.

Prosesa ya simu haigusi hifadhi ya kadi moja kwa moja. Ndani ya simu kuna kidhibiti cha kadi, na ndani ya kadi, japo ni ndogo kama ukucha, kuna kidhibiti kingine kinachosimamia chipu za kumbukumbu. Hivyo viwili ndivyo vinavyoongea. Kadi ya microSD ina pini nane: mbili za umeme, moja ya mapigo ya saa yanayopanga mwendo wa mazungumzo, moja ya amri na nne za data. Kadi haianzi kusema, husubiri kuulizwa.

Mwanzo huenda polepole, kwa mapigo yasiyozidi kilohezi 400, maana simu bado haijui imepewa kadi ya zama zipi. Kwanza hutumwa amri namba 0, inayoirudisha kadi kwenye hali ya mwanzo. Kila amri ina biti 48, na saba kati yake ni za kuhakiki kwamba ujumbe haujaharibika njiani. Amri namba 8 huuliza kama kadi inamudu volti inayopewa, tena hubeba tarakimu ambazo kadi lazima izirudishe vilevile. Kadi za kale haziijui amri hii, kwa hiyo ukimya nao ni jibu. Simu na kadi zikiwa za kisasa, volti ya mawasiliano hushuka kutoka 3.3 hadi 1.8, na mapigo yanaweza kufika megahezi 208.

Humo katikati ndimo simu inapouliza ukubwa. Kidhibiti cha simu hakipimi chochote. Kinasoma tu namba iliyoandikwa kwenye rejista ya kadi, yaani sehemu ndogo inayotunza maelezo ya kadi yenyewe. Tapeli mwenye vifaa huibadilisha namba hiyo, na kadi ya GB 8 ikajitangaza kuwa ya GB 256. Ukishavuka GB 8, kadi huendelea kujibu kwamba imepokea, kumbe data inatupwa au inaandikwa juu ya picha zako za awali. Orodha ya faili huwa karibu na mwanzo wa kadi, kwa hiyo majina yote utayaona. Gusa video ya harusi sasa: haifunguki.

Kufomati hakufichui utapeli huu, kwani huandika sehemu ndogo tu. Dawa ni kuijaza kadi yote kisha kusoma tena kila kilichoandikwa. Programu za H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux hufanya kazi hiyo bila malipo. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa, lakini ni afadhali kungoja wakati bado una risiti mkononi.

Kadi halali nayo haitaki pupa. Data hutumwa kwa vipande vya baiti 512, na kadi ikishapokea huivuta chini pini ya kwanza ya data, maana yake subiri, bado naandika. Ukiichomoa wakati huo, hata picha ya mwaka jana inaweza kupotea, kwa sababu kidhibiti cha ndani huhamisha data ya zamani kupisha mpya. Tumia kwanza kitufe cha kuondoa kadi kwenye mipangilio, au zima simu.

Kwa mafundi: Android imejengwa juu ya Linux, na logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, husema mengi. Namba -110 ina maana kadi haikujibu kwa wakati. Namba -84 ina maana hesabu ya uhakiki haikulingana, na mara nyingi chanzo ni pini chafu au soketi iliyolegea. Safisha pini na ujaribu kadi hiyo kwenye simu nyingine kabla ya kumwambia mteja imekufa.