Mama wa Kibaigwa anaujua ukimwi, tuache kumtisha

Mi ni mshauri nasaha huku Dodoma na jamani naomba tuache kuwatisha hawa kina mama. Ukimfata mama ntilie pale soko la mahindi Kibaigwa ukaanza habari za ukimwi unaua, atakuitikia kwa adabu huku anageuza chapati zake, hayo yote anayajua toka shule ya msingi. Kinachomkaba ni kodi ya chumba na mtaji uliokata, halafu kuna dereva wa semi anaongeza hela ukikubali bila kondomu. Hapo unamwambia ugonjwa wa miaka kumi mbele wakati yeye anawaza unga wa leo!

Kwahiyo mi naanza na kumuuliza mwaka huu anataka nini, labda mtoto aende sekondari, labda atoke kwenye kuchoma chapati afungue genge, akishataja mwenyewe ndo tunaangalia nini kinaweza kuivuruga hiyo mipango. Na ukweli kikoba kinachomkopesha siku mbaya kinamsaidia kukataa kuliko mabango yetu yote.

Maneno ya kumwambia mwanaume avae kondomu tunayafanyia mazoezi kabisa. Ukitaja ukimwi anaona umemtuhumu, ila "niko siku za hatari, sitaki mimba" wengi wanaelewa.

Mwanaume akigoma bado kuna PrEP, kidonge cha kila siku cha kumkinga ambaye hana virusi vya ukimwi, anapimwa kwanza, na haihitaji ruhusa ya mtu. Sio ya kumeza siku ya tukio tu, mwanamke anameza kila siku, na haizuii mimba wala kaswende. Kama hatari imeshatokea hapo ni PEP, dawa za dharura za kuzuia virusi, awahi ndani ya saa 72, mapema ndo vizuri, anameza siku 28.

Sasa wengi wanaoacha PrEP niliowahudumia hawalalamikii kichefuchefu, wanalalamikia kopo. Linafanana na la ARV, zile dawa za wenye virusi, linalia chakachaka kwenye pochi, jirani akilisikia basi mtaa mzima unajua "anao". Wengine wanajaza pamba lisilie. So kabla hujampa muulize ataliweka wapi, nani hupekua vitu vyake, atameza saa ngapi. Na wahudumu wenzangu, mtu anayebandika maharage saa kumi alfajiri unampangia kliniki saa nne, chai ya wateja nani atauza? Mpeni jioni, na akishazoea mpeni za miezi mitatu.