Faini si fidia

Juma lililopita nilikuwa Salgaa, Kenya, nikamsikia mama mmoja akimfariji jirani yake aliyevunjwa mguu na trela: "Dereva alishalipa fidia kortini, yaishe." Aliyevunjwa mguu hakuwa ameona hata shilingi. Neno hili "fidia" limetumiwa hivyo mara nyingi mno, na linawaponza watu.

Fidia ni malipo anayopewa aliyeumia kwa hasara aliyosababishiwa: gharama ya matibabu, kipato kilichokatika, hata maumivu yenyewe. Aliyolipa dereva yule ni faini.

Faini tuliichukua kwa Waingereza pamoja na korti zao, na pesa zake huingia serikalini. Ni adhabu. Fidia ni ya Kiarabu, na kwa asili ni kile kinachotolewa ili mateka aachiliwe. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulisha maskini mmoja kwa kila siku inayompita, na chakula hicho huitwa fidia. Mwalimu aliyekosa kipindi naye huwaambia wanafunzi atakifidia Jumamosi. Kila mahali neno hili linapotua pana pengo, na pana kitu cha kulijaza. Sasa mguu uliovunjika unajazwa na nini, ikiwa pesa zote zimebaki kwa karani wa korti?

Kinachochanganya watu, nadhani, ni kwamba kosa huwa moja. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Malori mazito yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Mizani za Gilgil na Webuye zipo kwa sababu hata trela kubwa kabisa, lenye ekseli 7, halipaswi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo. Anayevunja sheria hizi hutozwa faini. Lakini ukiukaji huohuo ndio ushahidi wa uzembe katika kesi ya madai, yaani ya kudai fidia, maana trela lililozidisha mzigo likiteremka mteremko wa Sachangwan breki huchemka, na aliyelipakia alijua. Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inasema hukumu ya hatia isiyo na rufaa ni ushahidi kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa lile. Kwa hiyo faini haifungi mlango wa fidia, bali inausukuma wazi.

Bado ni lazima uonyeshe kwamba kosa lile ndilo lililokuumiza. Stika ya ukaguzi iliyopitwa na wakati peke yake haivunji mguu. Na kama ulikuwa kwenye bodaboda isiyo na taa usiku, hakimu anaweza kugawa lawama na kukupunguzia. Bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hudaiwa mwenye lori. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3.

Mama yangu wa Salgaa, najua ulitaka tu jirani apate utulivu. Ukikutana naye tena, mwambie kwamba dereva amelipa faini. Aiombe korti nakala ya hukumu, aende nayo kwa wakili pamoja na abstrakti ya polisi, yaani taarifa yao fupi ya ajali, na karatasi za hospitali, kwa sababu fidia yake bado hajalipwa.