Bima ya meno kwa anayejilipia mwenyewe: yasiyolipiwa yasomwe kabla ya bei

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wananchi waliojiajiri, wastaafu na wafanyakazi wa mikataba mifupi wamekuwa wakiuliza kwa wingi namna ya kupata bima inayogharimia matibabu ya kinywa na meno bila kupitia kwa mwajiri. Ni maswali mazuri, na kuulizwa kwake kunaonyesha kwamba watu wameanza kuyapa meno uzito unaostahili. Hata hivyo, malalamiko yanayofika mezani kwetu, sisi tunaoshughulikia malalamiko ya wateja wa bima, kuhusu eneo hili yanafanana mno: mtu amelipa ada ya bima, amekwenda kliniki, kisha ameambiwa pale dirishani kwamba huduma aliyoifuata haimo kwenye kifurushi chake. Mara nyingi tunapoufungua mkataba tunakuta kwamba kampuni haikukiuka kitu, kwa sababu jambo hilo liliandikwa tangu siku ya kwanza katika kurasa ambazo mteja alizisaini bila kuzisoma.

Ieleweke kwanza kwamba hapa nchini bima ya meno kwa kawaida haiuzwi peke yake. Kampuni binafsi huuza kwanza bima ya kulazwa, juu yake huongeza matibabu ya nje, na ni baada ya hapo ndipo mteja anaruhusiwa kuongeza meno na macho kama mafao ya nyongeza. Kwa upande wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, huduma za meno zimo ndani ya kitita cha mafao, na upana wake hutegemea kifurushi ambacho mwanachama amejiunga nacho. Kwa hiyo anayelinganisha bei ya nyongeza ya meno ya kampuni moja na ile ya kampuni nyingine analinganisha vipande visivyosimama vyenyewe. Kinacholinganishwa ni jumla ya fedha zitakazomtoka kwa mwaka mzima, pamoja na kile atakachopata kwa jumla hiyo.

Kabla ya kuchukua kipeperushi chochote, nenda ukapimwe kinywa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa mmoja au mwingine wa kinywa, na magonjwa hayo yanaweza kuwapo bila maumivu, hivyo kutosikia maumivu si uthibitisho kwamba meno ni mazima. Mwone daktari au tabibu wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, umwombe akuandikie anachokiona: jino gani limetoboka, kama kuna ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) chini ya fizi, kama fizi zinatoa damu, kama magego ya mwisho yameota yakiwa yamelala. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayokuambia kama unahitaji bima yenye nguvu katika kuziba meno na tiba ya mizizi, au kama inakutosha ile ya uchunguzi, kusafisha na kung'oa.

Hapa hujitokeza dhana moja ambayo tumeieleza mara nyingi na bado inaendelea kuwagharimu watu. Wapo wanaoshauriana wasipime kabla ya kujaza fomu ya maombi, au wapime lakini wasiseme, kwa hofu kwamba kampuni ikijua itawakataa. Mkataba wa bima husimama juu ya nia njema ya pande zote mbili, na mwombaji anawajibika kueleza kila analolijua linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni kumpokea au kumpangia ada. Akilificha na baadaye likagundulika, kampuni inaweza kukataa dai hilo, na ikiwa jambo lililofichwa lina uzito, inaweza kuutangua mkataba wote pamoja na mafao ya kulazwa ambayo hayakuwa na ubishi wowote. Na hugundulika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa picha ya eksirei ya jino inaweza kuonyesha dalili kwamba uozo ni wa muda mrefu, na daktari wa kampuni huiomba picha hiyo kabla ya kuidhinisha tiba kubwa. Ukisema ukweli, matokeo ya kawaida ni tatizo hilo kuwekewa muda wa kusubiri au kuondolewa kwenye bima huku mengine yote yakibaki. Hilo linavumilika, kwa sababu unajua mapema nini utalipia kwa fedha zako.

Kipindi cha kusubiri nacho kinaeleweka vibaya. Ni muda kati ya siku mkataba unapoanza na siku unaporuhusiwa kuanza kutumia fao fulani, na hutofautiana kati ya huduma na huduma ndani ya mkataba huohuo: uchunguzi unaweza kuruhusiwa mapema, wakati tiba ya mizizi ikasubiri miezi kadhaa, na tatizo ulilokuwa nalo kabla ya kujiunga likasubiri zaidi au lisiingie kabisa. Tunapokea watu waliolipa ada Jumatatu na kwenda kung'oa jino Ijumaa, kisha wanaandika barua ya malalamiko kwamba wametapeliwa. Bima hainunuliwi jino likiwa tayari linauma. Mfuko unaochangiwa na wengi hauwezi kuwalipia watu wanaoingia siku ya tiba na kutoka siku ya pili yake, na ndiyo maana muda huo umewekwa. Kwa kawaida ajali huwa na masharti yake: jino zima lililovunjika kwa kuanguka au kugongwa huweza kulipiwa chini ya fao la ajali bila kusubiri, mradi taarifa itolewe mapema na, pale inapohusika, iwepo fomu ya polisi. Uliza kabla ya kusaini kama kifurushi chako kina sharti hilo, kwa kuwa waendesha bodaboda na wazazi wa watoto wadogo wanalihitaji kuliko wanavyofikiri.

Tuje kwenye ukomo wa matumizi, mahali ambapo watu hupotea zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu kampuni yoyote. Kifurushi kinasema meno ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Swali la kwanza ni kama kiasi hicho ni cha kila mwanafamilia au cha familia yote. Kama ni cha familia ya watu watano, wastani wa kila mmoja ni shilingi 80,000. Swali la pili ni kama fedha hizo zimetengwa kando au zimo ndani ya ukomo wa matibabu ya nje, kwa maana zikiwa ndani, malaria na kikohozi vya watoto vinaweza kuzimaliza kabla jino halijaguswa. Swali la tatu ni kama kila huduma imewekewa ukomo wake. Kifurushi kinaweza kuwa na shilingi 400,000 kwa jumla, lakini kikalipa tiba ya mzizi kwa jino moja tu kwa mwaka, au kikalipa kuziba kwa kiwango kisichofikia bei ya kliniki unayoitumia, na tofauti ikawa juu yako.

Mfano wa tiba ya mzizi unastahili kuangaliwa kwa karibu. Gego likioza hadi kwenye neva, daktari hulitoboa, huondoa neva iliyooza, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, kazi inayoweza kuchukua mahudhurio mawili au zaidi pamoja na picha za eksirei. Baada ya hapo gego hilo huwa limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake na hupasuka kwa urahisi linapotafuniwa, kwa hiyo daktari kwa kawaida hushauri livishwe kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholizunguka jino. Vifurushi vingi hulipia tiba ya mzizi lakini huiweka kofia katika orodha ya yasiyolipiwa, pamoja na madaraja (meno bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani) na meno bandia mengine. Mwananchi humaliza fedha zote za mwaka kuliokoa jino, hukosa za kofia, na baadaye jino hupasuka na kung'olewa. Anayejua hili mapema atatafuta kifurushi chenye kofia hata kama ada yake ni kubwa, au ataanza kuweka akiba ya kofia tangu siku ya kwanza ya tiba, au atazungumza na daktari wake kuhusu njia nyingine. Asiyejua hugundua akiwa kwenye kiti, mdomo ukiwa umepigwa ganzi.

Kwa wakazi na wazaliwa wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na maeneo mengine ya ukanda wa Bonde la Ufa kuna jambo la ziada ambalo vipeperushi havilitaji. Katika sehemu nyingi za ukanda huo maji ya kunywa yana madini ya floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Watu wazima wengi wenye meno hayo hununua bima kwa matumaini ya kuyarekebisha, na huumia sana wanapojibiwa kwamba kung'arisha meno, kuondoa madoa au kuyafunika kwa vipande vya rangi ya jino ni urembo. Tunaelewa uchungu wao, kwa kuwa hakuna aliyechagua maji ya utotoni mwake, lakini mikataba mingi imeandikwa hivyo na msimamizi wa bima hawezi kuilazimisha kampuni ilipe fao ambalo halikuuzwa. Hata hivyo, lipo jambo la kutofautisha. Floraidi ikizidi sana, tabaka gumu la nje la jino hupata vishimo na kumeguka, na jino linalomeguka na kuhitaji kuzibwa ni la kutibiwa, rangi yake iwe iwavyo. Mwombe daktari aandike hali ya jino na tiba inayohitajika, si rangi peke yake, na uiulize kampuni kwa maandishi, kabla ya kulipa ada, kama tiba hiyo inagharimiwa. Jibu la mdomo la wakala halina nguvu ukifika wakati wa dai.

Waya za kupanga meno na vipandikizi (meno bandia yanayopandikizwa kwenye taya) pia huwa nje ya vifurushi vingi vya mtu mmoja mmoja. Kusafisha meno huruhusiwa mara moja kwa mwaka katika baadhi ya vifurushi, na katika vingine ni pale tu daktari anapothibitisha kwamba fizi zinaumwa. Orodha ya kliniki zenye mkataba na kampuni isomwe kwa jina la wilaya yako: kifurushi chenye kliniki nyingi Dar es Salaam hakimsaidii sana mkazi wa Mpanda au Tunduru.

Tiba kubwa huhitaji idhini ya awali. Kliniki hutuma maombi, kampuni huyapitia, na tiba huanza idhini ikishatoka. Ukianza kabla, kampuni ina haki ya kukataa hata kama huduma yenyewe imo kwenye kifurushi. Ukilazimika kujilipia kwanza ili urejeshewe, hifadhi risiti halali ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti) yenye jina la kliniki, taarifa ya daktari inayotaja jino na tiba, picha kama ilipigwa, na fomu ya madai iliyojazwa kila sehemu. Uwasilishe ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono isiyo na risiti huchelewesha dai, na hatuna namna ya kuitetea.

Kuhusu kumwazima ndugu kadi, tuseme wazi. Hata kama ukomo wako wa mwaka haujaguswa, fedha hizo si akiba yako na hazihamii mwaka unaofuata. Umelipia kinga ya mwaka huu na kinga hiyo umekuwa nayo. Anayetumia kadi ya mwingine, na aliyemwazima, wanahatarisha kufutiwa uanachama na kudaiwa gharama zote. Anayewasilisha risiti ya uongo ili alipwe anaweza kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa ambalo chini ya Kanuni ya Adhabu linaweza kumfikisha katika kifungo cha miaka saba. Kliniki inayoshiriki nayo huhojiwa, na inaweza kupoteza mkataba wake na mtoa bima.

Unapofikia kulipa, hakikisha kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na kwamba fedha zinaingia kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyotolewa na kampuni. Usitume ada kwenye simu binafsi ya wakala, hata akiwa jirani yako. Dai nakala kamili ya mkataba, maana kadi na kipeperushi havitoshi. Andika mahali tarehe ya mwisho wa bima, kwa kuwa ukichelewa kuihuisha unaweza kuhesabiwa kama mteja mpya na vipindi vyote vya kusubiri vikaanza upya.

Dai likikataliwa, iandikie kampuni kwanza na uombe ikutajie kifungu cha mkataba ilichokitumia. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu lisipokuridhisha au lisipokuja, dhidi ya kampuni binafsi unaweza kwenda ofisi ya kanda ya TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na barua hiyo, mkataba, fomu ya maombi uliyoijaza, risiti ya ada na taarifa ya daktari. Malalamiko yanayohusu NHIF yaanzie ofisi ya mfuko huo katika mkoa wako. Fomu ya maombi ndiyo watu husahau kuibeba, na ndiyo hati tunayoihitaji mapema, kwa sababu ndani yake yamo majibu uliyoyatoa wewe mwenyewe kuhusu meno yako.